Uungwana wa Mtu Aliyekombolewa

Mazungumzo ya redioni. Somo: Yohana 8:31-36



Ninazungumza nanyi nikitokea Utange, huku bara ya Mombasa, upande wa kaskazini wa kisiwa. Ninyi mnaokwenda mjini kila asubuhi mnaijua njia yetu. Mnapita Bamburi, mnateremka, na kabla hamjavuka daraja la Nyali makanga hupiga kelele, "Kengeleni! Kengeleni!" Watu hushuka, wengine hupanda, gari likaondoka. Ni wachache wanaogeuza shingo kuitazama ile kengele yenyewe, iliyotundikwa katika mnara wake mdogo kando ya barabara. Leo nataka tuitazame kidogo, kwa sababu nina swali, na nadhani kengele ile inalo jibu.

Swali lenyewe si langu. Nililetewa na mama mmoja wa kanisa letu. Alikuja nyumbani jioni, nami nikamkaribisha kiti, hakuketi. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa amekamatwa usiku wa jana pamoja na vijana wenzake, wakiwa na mapanga. Ninyi wa Kisauni hamna haja ya kuelezwa zaidi. Mmekwisha kuona jinsi vijana wa namna hii walivyowatia hofu watu wanaorudi kazini usiku. Mama yule akaniambia, "Kasisi, mwanangu huyu aliishika katekisimo yote. Alisimama mbele ya askofu siku ya kipaimara, akajibu bila kukosa neno. Shuleni alikuwa wa tatu katika darasa lake. Sasa niambie wewe, mlimfundisha nini?"

Sikuwa na jibu. Niliomba naye, akajifuta machozi, akaenda zake. Lakini swali lake halikuondoka naye. Lilibaki sebuleni kwangu, nami nikalala nalo siku nyingi. Nikaanza kuwauliza wazee wetu wa zamani katika imani: elimu ni nini, na inawezaje kufika moyoni mwa mtoto?

Msikilizaji mpenzi, hebu twende mbali kwanza, kisha tutarudi nyumbani.

Wayunani na Warumi wa kale walikuwa na elimu waliyoiita kwa jina la heshima. Maana ya jina hilo ni elimu ya mtu huru, yaani, kwa Kiswahili chetu cha pwani, elimu ya waungwana. Mtoto alianza kwa nahau, apate kuijua lugha barabara. Akaendelea na mantiki, apate kutofautisha hoja ya kweli na hoja ya uongo. Akamaliza kwa balagha, ufundi wa kusema mbele ya watu na kuwavuta mioyo. Tena walisema kwamba masomo hayo hayatoshi pasipo tabia njema, wakataja nguzo nne: busara, haki, ujasiri na kiasi. Mtu asiye na nguzo hizo, hata akisema vizuri namna gani, hajaelimika.

Hayo yote ni mazuri. Lakini tazameni upungufu wake. Elimu hiyo ilikuwa ya watoto wa waungwana. Mtumwa aliweza kufundishwa kusoma na kuandika kwa faida ya bwana wake, hata wengine wakawa walimu; lakini uungwana wenyewe haukuhesabiwa kuwa wake.

Tena kuna jambo la ajabu. Katika nyumba za Wayunani, mtu aliyekabidhiwa tabia ya mtoto alikuwa mtumwa. Waliitwa kwa jina la paidagogosi. Si yeye aliyefundisha herufi. Hiyo ilikuwa kazi ya mwalimu. Kazi yake ilikuwa kumshika mtoto mkono asubuhi, kwenda naye shuleni, kumngoja, kurudi naye, na kumwangalia njiani: anasema na nani, anakula vipi, anawasalimu wakubwa au hawasalimu. Mtume Paulo alimtaja mtu huyu alipowaandikia Wagalatia, sura ya tatu, akisema kwamba torati ilifanya kazi kama yake mpaka Kristo alipokuja.

Karibu na mwaka 200, katika mji wa Iskanderia, hapa hapa Afrika, palikuwa na shule ya Wakristo yenye sifa kubwa. Mwalimu wake mmoja aliitwa Clement. Aliandika kitabu kizima akakipa jina la huyo mlezi wa njiani, na akafundisha kwamba Mlezi wa kweli ni Yesu Kristo mwenyewe. Yeye ndiye anayetushika mkono, na katika kitabu hicho Clement anaeleza hata mambo madogo, namna ya kula, ya kunywa, ya kuvaa, ya kucheka. Watu wengine humcheka kwa hayo. Mimi simcheki. Alijua kwamba tabia hukaa katika mambo madogo.

Baada yake alikuja Origen, naye alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Gregory. Gregory alipomaliza masomo alitoa hotuba ya kumshukuru mwalimu wake. Alimsifu kwa elimu yake nyingi, lakini zaidi ya yote alimsifu kwa kuwa alijitahidi kuwa yeye mwenyewe kile alichokifundisha. Aliposema juu ya haki, wanafunzi waliiona haki kwake.

Na Augustine, Mwafrika wa kaskazini, alikuwa mwalimu wa balagha kwa mshahara katika mji wa Milan. Baadaye alipokumbuka kazi ile alijiona kuwa alikuwa mchuuzi wa maneno sokoni. Aliacha kazi, akabatizwa mwaka 387. Elimu yake hakuitupa; aliitumia maisha yake yote kuhubiri na kuandika. Ila sasa ilikuwa na Bwana mwingine.

Basi Kanisa liliichukua elimu ya waungwana, likaziongezea nguzo zile nne nyingine tatu, imani, tumaini na upendo, na likafundisha kwamba mtumwa aliyebatizwa ni ndugu. Ni kweli kwamba Kanisa halikuishi daima kama lilivyofundisha. Wakristo walimiliki watumwa kwa karne nyingi. Lakini neno lilikuwa limekwisha kusemwa, na mbegu imekwisha kupandwa.

Sasa turudi nyumbani.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosine. Katika muda wa miezi michache alimzika mkewe na mtoto wao mchanga huku bara. Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, wakaanza kazi Rabai. Rebmann alikaa huko mpaka mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Kwa hesabu ya wanadamu mavuno yake yalikuwa haba sana.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, Mungu alikuwa akiandaa wasaidizi kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Merikebu za kivita za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa, na baadhi ya watoto waliookolewa walipelekwa Bara Hindi. Karibu na mji wa Nasik, mahali paitwapo Sharanpur, walifunguliwa shule chini ya mmisionari William Salter Price. Walisoma Kiingereza, hesabu na Maandiko, na walifundishwa kazi za mikono kama vile useremala na uhunzi. Watoto hao hawakuwa na baba wala mama. Wengine hata jina la kwao walilisahau.

Mwaka 1873 Dakta Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake wangeweza kugawana mali na kutawanyika. Hawakufanya hivyo. Waliukausha mwili wake, wakauchukua kwa miezi tisa hivi mpaka Bagamoyo, katika njaa, magonjwa na hatari ya vita. Viongozi wao walikuwa Chuma na Susi, na miongoni mwao walikuwamo vijana wa Nasik. Mmoja wao, Jacob Wainwright, ndiye aliyesoma sala za maziko na kuchonga maneno ya ukumbusho juu ya mti; naye alifuatana na mwili mpaka Westminster Abbey kule London, ulikozikwa Aprili 1874. Mwingine, Matthew Wellington, aliishi muda mrefu sana hapa kwetu, akafariki Mombasa mwaka 1935.

Nataka niseme kweli hapa. Susi wakati ule alikuwa Mwislamu; alibatizwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo tusijivune kana kwamba uaminifu ni mali yetu peke yetu. Jirani zetu hapa pwani, wanaowapeleka watoto chuoni alfajiri, wanajua vizuri kwamba elimu na adabu ni pacha. Ndio waliotupa msemo huu: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta ipo, sega lipo, umbo lipo, lakini ukikamua hupati kitu.

Mwaka ule ule wa 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza juu ya jambo hilo, aliitembelea pwani yetu akashauri pawe na makao ya watu waliookolewa. Price akaletwa kutoka Bara Hindi, akafika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874. Mwaka uliofuata ardhi ilinunuliwa Kisauni, mkabala wa kisiwa, ikaitwa Frere Town. Na mwaka huo huo wa 1875 watu waliokamatwa kutoka majahazini wakaanza kushushwa pwani, mamia, wengi wao watoto. Walisema lugha nyingi mbalimbali. Hawakujua wako wapi, wala kama watu hawa wapya watawauza tena.

Hapo ndipo ilipo kengele yetu. Iliwaita watu kusali, kufanya kazi na kusoma, na iliwaonya hatari ilipokaribia, maana mabwana wa watumwa walikuwa na hasira na makao yale. Waliokuja kuwa walimu na wasaidizi walikuwa wale wale vijana wa Nasik, waliokwisha kuitembea njia hiyo ya machozi. Fikirini, wapenzi. Mtoto anashuka merikebuni akitetemeka, na anayempokea ni mtu mweusi kama yeye, mwenye kitabu mkononi, anayeweza kumwambia, "Hata mimi niliuzwa."

Lakini historia ya Frere Town si ya sifa tupu, na tukiificha sehemu yake mbaya tutajidanganya. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilijulikana kwamba watu waliofunguliwa minyororo ya Waarabu walikuwa wakipigwa viboko na kufungwa na msimamizi wa misheni, kwa ajili ya kutengeneza tabia zao. Habari zilifika kwa wakubwa wa Kiingereza, ikawa aibu kubwa, na Price ambaye alikuwa amekwisha kurudi kwao ilibidi atumwe tena kuja kutengeneza mambo. Wale wamisionari hawakuwa watu waovu wote. Walitaka nidhamu. Waliona watu wa makabila mengi wasio na wazee wao wala mila zao, wakadhani mjeledi utafanya upesi kazi ambayo upendo huifanya polepole.

Mjeledi hufundisha kitu, ndiyo. Humfundisha mtu kuangalia kama mwenye mjeledi yupo. Akiwapo, mtu ni mwema. Akigeuka, mtu hurudi kuwa alivyokuwa. Hiyo ndiyo tabia ya mtumwa, na hakuna ajabu, kwa maana mjeledi ni mwalimu wa watumwa.

Sasa nitawaelezea mtu mmoja, William Jones. Huyu alitekwa akiwa mtoto, akalelewa kule Bara Hindi, akaletwa Rabai mwaka 1864 pamoja na Ishmael Semler na George David kumsaidia Rebmann. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimwekea mikono yeye na Semler kuwa mashemasi, Waafrika wa kwanza wa Kanisa letu katika nchi hii. Mwezi wa Julai mwaka huo askofu alianza safari ya Uganda, na Jones alikwenda naye. Walipofika Kwa Sundu, ambako sasa ni Mumias, askofu alichukua watu 50 akatangulia, akamwachia Jones msafara uliobaki. Mnamo tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga, na karibu watu wake wote pamoja naye. Wachache sana walioponyoka walirudi na habari.

Jones alikuwa peke yake sasa, na watu wengi wenye hofu, mbali sana na pwani. Hapakuwa na mzungu wa kumwamuru wala mjeledi wa kumsimamia. Alingoja kwa muda, kama huenda wengine watatokea. Kisha akawakusanya watu akawarudisha nyumbani, wakafika Rabai mwezi wa Februari 1886. Mbele yao walichukua bendera ya buluu, na juu yake kwa herufi nyeupe lile jina la mjukuu wa Eli katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya nne: Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Wake na watoto wa waliokufa walikuwa wakiwangoja njiani.

Hapo, wapenzi wasikilizaji, mimi naona jibu la kwanza la swali la yule mama. Jones alijua Maandiko kiasi cha kupata neno la kuandika juu ya bendera ya msiba. Hiyo ni elimu. Lakini pia aliwaleta watu nyumbani. Hiyo ni tabia. Na vitu viwili hivyo vilikuwa kitu kimoja ndani yake.

Tena hakuishia hapo. Pale Rabai palikimbilia watumwa watoro wengi kutoka mashamba ya pwani. Sheria ya wakati ule ilimhesabu mtoro kuwa mali ya bwana wake, na kumpokea kulileta matata kwa misheni. Jones, aliyekuwa mtoto wa kuuzwa, hakuweza kuwafukuza. Jambo hilo lilipojulikana mwaka 1888 mabwana walikuja juu, ikakaribia kuwa vita. Mwishowe kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikianza kutawala ilipatana nao kwa fidia, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 watu wapatao 1,400 walipokea hati zao za uhuru pale Rabai.

Wala tusidhani wenye tabia kama hiyo walikuwa wale tu waliopitia shule kubwa. Ninyi Wagiriama mnalikumbuka jina la David Koi, kiongozi wa Wakristo wa Fuladoyo. Kijiji kile nacho kiliwapokea watoro. Mwaka 1883 Koi aliuawa kwa ajili hiyo. Huyu hakupata kuona Bara Hindi wala London. Alifundishwa na Wagiriama wenzake kile walichokuwa nacho, naye akakiamini hata kufa.

Mbegu ya Frere Town iliendelea kuota. Mwaka 1903 palianzishwa pale shule ya kuwafundisha watumishi wa Kanisa. Mwaka 1930 ilihamia Limuru, baadaye ikawa chuo cha theolojia cha makanisa kadhaa pamoja, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Kila mchungaji aliyesoma Limuru, ajue asijue, amekunywa maji ya kisima kilichochimbwa Kisauni.

Na kuna ukoo mmoja ambao lazima niutaje, kwa kuwa mimi nasema redioni. James Juma Mbotela, mtoto wa Frere Town, aliandika kwa Kiswahili habari za wazee wake waliookolewa. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilitolewa mwaka 1934. Na wa ukoo huo huo, mzaliwa wa huko huko, alikuwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kuanzia mwaka 1966, kwa miaka zaidi ya hamsini, aliwauliza Wakenya katika kipindi chake swali moja: Je, huu ni ungwana? Aliuliza juu ya mtu anayesukuma wenzake katika foleni, anayekula kwa kelele, anayepiga hodi usiku wa manane. Tulicheka, kisha tukajitazama.

Sasa pimeni neno lile. Mwungwana, kwa asili yake hapa pwani, ni mtu asiye mtumwa wala kizazi cha mtumwa. Mjukuu wa watu walioshushwa majahazini hakuweza kuitwa mwungwana na mabwana wa zamani. Lakini yeye ndiye aliyekuja kuifundisha nchi nzima uungwana! Wazee walikuwa wamekwisha kusema kwamba uungwana ni vitendo. Frere Town ilionyesha kwamba ni kweli. Uungwana hauko katika damu. Mtu aliyekombolewa anaweza kuupokea, na akiupokea anaweza kuwagawia hata waliozaliwa nao.

Ndivyo lisemavyo somo letu la leo. Wale watu waliozungumza na Yesu katika Yohana sura ya nane walijitetea kwa nasaba. Walisema wao ni uzao wa Ibrahimu, hawajapata kuwa watumwa. Bwana akawaonyesha kwamba atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi, awe wa ukoo gani, na kwamba Mwana peke yake ndiye awezaye kumweka mtu huru kweli kweli.

Basi, ndugu zangu, sisi tunaolea watoto leo tuna nini cha kujifunza? Nitataja mambo matatu tu.

Kwanza, tusidanganyike na vyeti. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 wa kidato cha nne yalifutwa katika nchi yetu kwa udanganyifu wa mtihani. Mwaka uliofuata mabweni ya shule zaidi ya 100 yalichomwa moto. Hao walikuwa wanafunzi, si watoto wa mitaani. Nami nisijifanye mwema. Nilipokuwa bwenini, kijana wa umri wao, kikaratasi kilipitishwa usiku kabla ya mtihani wa majaribio, nami nilikisoma. Somo lilikuwa la dini. Nikapata alama nzuri, na mzazi wangu akafurahi. Wasikilizaji, nta ilikuwapo, asali haikuwapo.

Pili, tusirudie mjeledi. Serikali ilikataza viboko shuleni mwaka 2001, na bado nasikia wazazi, hata wazee wa kanisa, wakisema kwamba watoto waliharibika tangu fimbo ilipoondoka. Nawaomba waende Kengeleni wakafikiri. Kumrudi mtoto ni lazima. Maandiko yanasema hivyo. Lakini nidhamu inayodumu ni ile inayobaki mtoto akiwa peke yake, kama Jones alivyokuwa peke yake Kwa Sundu.

Tatu, na hili ndilo lililonichoma mimi: mtoto anahitaji mtu wa kutembea naye njiani. Nilichunguza darasa letu la kipaimara, nikaona ukweli. Tulimpa yule kijana maswali na majibu kwa majuma kadhaa. Askofu akaja, tukapiga picha, tukala pilau. Baada ya siku ile, ni nani kati yetu aliyemtembelea? Ni nani aliyejua kwamba baba yake amepoteza kazi, kwamba ameacha shule kwa karo, kwamba kuna wakubwa fulani mtaani waliomnunulia viatu? Hao wakubwa walitembea naye. Walimjua kwa jina, walimwita ndugu, walimpa kazi ya kufanya. Sisi tulikuwa walimu wa herufi. Kazi ya yule mlezi tuliwaachia wao.

Utange hii si mahali pageni kwa watu waliopoteza njia. Miaka ya 1990 palikuwa na kambi hapa ya wakimbizi waliotoka Somalia kwa vita. Wazee wa hapa wanakumbuka jinsi watoto walivyoshuka bila chochote, kama walivyoshuka wale wa 1875. Mungu ana desturi ya kuwaleta watoto mlangoni petu. Kisha hutazama tutafanya nini.

Nilimwendea mama yule baada ya siku nyingi. Nikamwambia, "Mama, uliniuliza tulimfundisha nini mwanao. Tulimfundisha maneno mema, na maneno yale ni ya kweli. Lakini hatukutembea naye. Nimekuja kuomba radhi." Alinyamaza sana. Kisha akaniuliza, "Na sasa utatembea naye?"

Tangu hapo naenda kumtazama rumande kila Alhamisi, pamoja na mzee mmoja wa kanisa, fundi wa mbao. Kesi haijaisha. Kijana hajaniambia kwamba ametubu, nami simlazimishi kusema maneno ya kunifurahisha; maneno alikuwa nayo tangu zamani. Mara ya kwanza hakutaka kuniangalia. Mara ya nne alimwuliza fundi inachukua muda gani kujifunza kutengeneza mlango. Fundi akamwambia, "Miaka miwili, ukiwa mvumilivu. Mimi nitakungoja." Ni hayo tu niliyo nayo ya kuwaambia kwa leo.

Wewe unayenisikiliza, yupo kijana unayemjua kwa jina ambaye hakuna mtu mzima anayetembea naye. Usingoje mkutano wa kamati. Juma hili mtafute.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, Mlezi wetu, uliyetushika mkono tulipokuwa hatujui njia, twakushukuru kwa ajili ya wazee wetu waliokombolewa, waliotufundisha uungwana. Utusamehe kwa watoto tuliowapa maneno tukawanyima miguu yetu. Wakumbuke walioko rumande, walioko mitaani, walioko madarasani wakitafuta alama tu. Uwape walimu subira, wazazi hekima, na Kanisa lako moyo wa kutembea. Utuweke huru, nasi tutakuwa huru kweli. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwa herini.